Mwenye Miguu au Asiye na Miguu

Watu walimwita Sista Kalamu, na si kwa sababu ya mwandiko wake. Mwandiko wake ulikuwa mbovu, mfamasia alishawahi kumrudishia karatasi moja mara tatu kwa siku. Jina lilitokana na kalamu ya wino mzito, zile za kuandikia makatoni, iliyokaa kwenye mfuko wa sare yake miaka ishirini na sita. Kazi ya kalamu hiyo ilikuwa moja tu, kuchora mpaka juu ya ngozi za watu. Ukienda kwake na mguu uliovimba, aliugusa kwa mgongo wa kiganja, polepole, akitoka kwenye ubaridi kuelekea kwenye joto. Pale joto lilipoanza alichora mstari, akauzungusha uvimbe wote, kisha akaandika saa pembeni.

"Huu mstari usiuoshe," alikuwa akisema. "Kesho ugonjwa ukiwa ndani ya mstari, tumeshinda. Ukiuvuka, unakwenda hospitali kubwa, hata kama una harusi."

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya zahanati, kama vile wenye vidonda wanatakiwa waaibike mwendo mrefu kuliko wengine. Kilikuwa na kitanda kimoja chenye mpira mweusi, meza ya chuma, mabeseni mawili, sufuria ya kuchemshia mikasi, ndoo nyekundu ya bandeji chafu, na dirisha lililogoma kufunguka tangu lilipopakwa rangi. Harufu ya mle ndani mtu aliizoea siku ya tatu au hakuizoea maisha yake yote. Yeye alikunywa chai humo humo.

Vitabu vya chuoni vilimfundisha kwamba ngozi iliyoingiwa na maambukizi huwa nyekundu. Mwaka wake wa kwanza kazini aliutumia kutafuta wekundu kwenye ngozi nyeusi, akitoa macho kama mtu aliyedondosha sindano. Baadaye alivitupa vitabu akaifuata mikono yake. Ngozi zetu haziwi nyekundu, alikuwa akiwaambia wauguzi wapya. Zinang'aa. Zinakaza. Zinapata rangi ya zambarau iliyoiva, na zina joto ambalo mgongo wa kiganja haudanganywi nalo. Mgonjwa akisema panavuta, msikilizeni, maana ngozi inayovuta imejaa kitu ndani.

Alijua jipu lililoiva na lile linalotaka kitambaa cha moto siku mbili zaidi kabla ya kisu. Vidonda vya watoto vinavyoanzia chini ya pua na kufanya gamba la rangi ya asali alivitambua mama akiwa bado mlangoni. Alijua kutenganisha upele uliokunwa ukaingia usaha na upele ambao ni upele tu. Na alikuwa na ulimi. Mtu akija na jipu lililopakwa dawa ya meno, alimuuliza kama anataka jipu lake lipigwe mswaki. Wanaofungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda kama chumvi kwenye kachumbari, hao aliwasema mpaka wenzao kwenye foleni wakavunjika mbavu, na yeye mwenyewe hakucheka hata kidogo. Walimwogopa na wakamfuata. Wengine waliacha zahanati za karibu na kwao wakaja kwake.

Sasa lipo neno moja, na bila neno hilo hadithi hii isingekuwepo. Alipoanza kazi, Sista alikuwa akiwaambia wagonjwa kwamba kidonda kimeingiwa na bakteria. Waliitikia kwa heshima, wakaenda nyumbani, wakaendelea kufanya waliyokuwa wakiyafanya. Akaona hii haina maana. Akaanza kusema mdudu. "Kuna mdudu ameingia hapa. Humuoni kwa macho, lakini anakula. Hii dawa ni ya kumuua, na usipoimaliza anaamka." Hapo walimwelewa mara moja, wakazimaliza dawa, maana hakuna mtu anayetaka mdudu amwamkie ndani ya mguu.

Shida ni kwamba mdudu ni mdudu. Nyuki ni mdudu, buibui ni mdudu, na anayekula nyama ya mguu bila kuonekana ni mdudu pia. Mtu akija akisema mdudu ameniuma, unaweza kudhani ameumwa na kitu kilichopita kwenye shuka, kumbe anakwambia kwamba panauma. Kwa hiyo Sista alijitungia swali lake. Kila aliyetamka neno mdudu mbele yake aliulizwa kabla hajakaa: "Mwenye miguu au asiye na miguu?" Wagonjwa wa zamani walijibu hata kabla ya kuulizwa. Waliingia wakisema, "Asiye na miguu, Sista," wakapanda kitandani. Swali hilo lilimwepusha na makosa mengi, na alilijivunia kuliko cheti chake.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi baiskeli. Kila mtu alimwita Fundi, na mke wake naye alimwita Fundi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mirefu, mwenye kibanda cha mabati hatua arobaini kutoka mlangoni kwao, anakofanya kazi na mdogo wake. Hakuna baiskeli iliyotoka kibandani bila Fundi kuipanda kwanza, kuzunguka nayo mtaa mzima, kichwa amekiinamisha pembeni kusikiliza mnyororo. Binti yao alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo jioni walikuwa wawili tu. Mke anasimulia mambo ya chumba cha vidonda, mume anasikiliza. "Wadudu wameamkaje leo?" ndiyo ilikuwa salamu yake mke akivua viatu. Kwa miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kutamka bakteria. Mdudu kwake alikuwa yule wa mke wake, asiye na miguu. Wale wengine aliwaita kwa majina yao, siafu siafu, nyuki nyuki.

Mwaka ule shule moja ya bweni, mwendo wa nusu siku kwa basi, ilipatwa na majipu. Bweni zima wanafunzi walikuwa wakigawana taulo na nyembe, na jipu lilimtoka huyu likahamia kwa yule, mpaka wengine wakawa wanalala kifudifudi kwa sababu hawana pengine pa kulalia. Mganga mkuu wa zahanati hakuwaza mara mbili. Akamwambia Sista afunge mzigo Jumatatu, arudi Ijumaa. Sista akafunga mikasi yake, pamba, dawa na kalamu. Fundi alimsindikiza mpaka kituoni akiwa amebeba begi. Alikuwa na mkwaruzo kwenye mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, alioupata Jumamosi pale pedali ilipoteleza ikamrudia. Sista aliuona. Ulikuwa mkwaruzo mkavu usio na neno, akamwambia aoshe kwa sabuni, na Fundi akasema ameshaosha.

Shuleni walimpa ukumbi wa kulia chakula. Alipanga meza mbili, akawapanga wanafunzi kwa mstari, na kutoka asubuhi mpaka jua linazama alikuwa akigusa, akichora, akipasua, akikamua, akifunga. Jumanne saa nne simu yake ililia mezani. Alikuwa na glovu mikononi na jipu la shingoni limefunguka, hawezi kuacha. Matroni wa shule, mama mnene mwenye huruma, akaichukua ile simu akaiweka sikioni mwa Sista.

"Samahani, najua uko kazini," Fundi alisema. "Nina mdudu mguuni."

"Amekuuma?"

"Anauma, tena sana. Pamevimba."

"Panawasha?"

"Panavuta vuta."

Mwanafunzi aliyekuwa chini ya kisu alianza kulia kwa sauti, na nyuma yake foleni ikacheka. Sista akamkandamiza bega.

"Mdudu gani tena huyo, Fundi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayewajua wadudu."

Sista akacheka. Aliona mumewe anamtania. "Kabati la juu kuna krimu ya muwasho, tyubu nyeupe. Paka mara tatu kwa siku, na usijikune."

"Haya," alisema Fundi. "Basi fanya kazi."

Hiyo ndiyo simu yote. Haikufika dakika moja. Baadaye Sista aliirudia kichwani mwake neno kwa neno, mara nyingi kuliko mtu anavyorudia sala, na kila mara alijikuta anaona mambo yaleyale: pamevimba, panavuta, wewe ndiye unayewajua. Mgonjwa yeyote wa foleni ile angesema maneno hayo, angeulizwa lile swali. Wanafunzi mia moja na arobaini waliulizwa wiki ile. Mumewe hakuulizwa. Na ile krimu ya muwasho, kila muuguzi anajua, kwenye mwili ulioingiwa na maambukizi haiui kitu. Inatuliza ngozi juu, inaulaza ulinzi wa mwili usingizi, na mdudu anaachiwa nyumba.

Jumatano jioni alipiga yeye. "Vipi mdudu wako?"

"Anaendelea," Fundi alisema.

"Afadhali. Endelea kupaka."

Hakusema anaendelea vizuri. Sista aliliongeza hilo neno mwenyewe, kama tunavyoliongeza sote tukiwa tumechoka na tunataka kulala. Alhamisi hakuna aliyepiga simu.

Ijumaa alasiri alishuka kwenye basi akiwa na furaha, tuseme ukweli. Kazi ilikwenda vizuri, mkuu wa shule alimpa mkono mbele ya walimu wote. Alipokata kona ya kwao alimkuta shemeji yake, yule mdogo wake Fundi, amesimama nje ya mlango mikono kiunoni.

"Shemeji, afadhali umekuja," alisema. "Kaka analalamika baridi na jua lote hili. Tangu juzi namwambia twende zahanati, anasema anamsubiri mwenye wadudu wake."

Fundi alikuwa sebuleni, amekaa, mguu umewekwa juu ya stuli, kanga imefunika. Meno yalikuwa yakigongana. Alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alishamwona wapi. Sista aliinua kanga. Kabla hajaona kitu alisikia harufu, na harufu ile aliijua. Mguu ulikuwa unang'aa kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya goti, rangi ya zambarau, na penye mkwaruzo palikuwa na malengelenge yenye maji meusi. Juu ya yote hayo palikuwa na utelezi. Alikuwa amepaka krimu kama alivyoambiwa, mara tatu kwa siku, kwa uaminifu.

Aliweka mgongo wa kiganja akapanda nao. Joto lilikomea katikati ya paja. Akachomoa kalamu, akachora, akaandika saa tisa na dakika arobaini. Alipobonyeza karibu na kifundo, chini ya ngozi kulikuwa na mchakacho, kama anabonyeza mchanga mkavu. Fundi hakushtuka.

"Hapa panauma?"

"Jana palikuwa panauma," alisema Fundi. "Leo hapaumi. Nadhani anaondoka."

Sista alijua maana ya hapaumi. Alimwambia shemeji akatafute teksi, haraka, na akamwambia kwa sauti ambayo shemeji hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Walipofika hospitali kubwa saa kumi na moja kasorobo, mstari wa kalamu ulikuwa umeshavukwa kwa upana wa vidole vitatu.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Aliugusa mguu, akautazama mstari, akamtazama aliyeuchora. Akaamuru dripu na dawa za kuua wadudu kwenye mshipa, kwa wingi, mara moja. Akapima sukari. Sukari ilikuwa ishirini na mbili, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Miaka ishirini na sita Sista alikuwa akiwatoboa watu vidole kupima sukari, na kidole cha Fundi hakuwahi kukitoboa hata siku moja.

"Hapa pana mafuta," daktari alisema. "Amepakwa nini?"

"Krimu."

"Krimu gani?"

Sista akaitaja. Daktari alikuwa anaandika kwenye faili, hakuinua kichwa. "Nani alimwambia apake hii?"

Shemeji alikuwa nje anatafuta kiti cha magurudumu. Fundi alikuwa amefumba macho, anaongea peke yake habari za tairi. Pale palikuwa na watu wawili tu wenye akili zao, na mmoja alikuwa ameshika kalamu.

"Alijipaka mwenyewe," alisema Sista.

Daktari akaandika. Hilo lilitoka mdomoni kwa wepesi, kama jambo la kweli, na baada ya kutoka halikurudi tena. Angeweza kusema baada ya dakika moja, au baada ya saa. Hakusema.

"Dada, wewe ni mwenzetu, sitakuzungusha," daktari alisema alipomaliza. "Nyama ya chini imekufa. Dawa haifiki mahali pasipo na damu. Ama mguu, ama yeye. Na nikichelewa, vyote viwili."

Fundi hakuwa na fahamu za kuweka saini, kwa hiyo Sista aliweka. Mguu ulikatwa jioni ileile, juu ya goti. Daktari alipotoka alisema ameacha nyama safi, na kwa bahati watakuwa wameuwahi mwili. Sista alimshukuru. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni ukutani, analia kwa kwikwi, akisema kaka yake atajaribu vipi baiskeli. Ndilo jambo moja aliloweza kulifikiria.

Siku ya tano maabara ilileta majibu ya usaha. Sista aliyasoma akiwa amesimama koridoni. Alikuwa amejipa moyo kwamba atakuwa mdudu sugu, wale wa hospitalini wanaokataa kila dawa, ambao mtu akishindwa nao hakuna wa kumlaumu. Hakuwa huyo. Alikuwa mdudu wa kawaida kabisa, yule wa koo la watoto, anayejipanga kwa minyororo kwenye hadubini, anayekufa kwa penisilini. Penisilini. Dawa ya zamani kuliko mama yake mzazi. Kwenye begi alilokwenda nalo shuleni alikuwa na makopo manne ya dawa za jamii hiyo, na moja lilirudi halijafunguliwa.

Daktari alijitahidi kumtuliza. Alimwambia sukari ile ndiyo iliyofanya mambo yaende mbio, kwamba mtu mwenye sukari vile hata ungempa vidonge siku ya kwanza huwezi kujua. Sista aliitikia kwa kichwa. Alijua. Jumanne asubuhi, uvimbe ukiwa bado kifundoni, na vidonge, na mstari wa kalamu, na jicho la karibu, alijua. Mwenzake alikuwa anampa kitu cha kufunikia kidonda, na yeye alikuwa ameshafunika vidonda vya kutosha kuelewa kwamba bandeji haitibu.

Fundi alipopata akili alikitazama kitanda pale mguu ulipotakiwa kuwepo, muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetania akiwa amechoka, "Sasa ukiniuliza mimi, mwenye miguu au asiye na miguu, nitajibuje?" Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Sista alitoka nje, akaenda mpaka nyuma ya jengo la kufulia, akashika ukuta kwa mikono yote miwili, akatapika.

Walirudi nyumbani baada ya wiki saba. Ndugu na majirani wakaanza kumiminika. Na kila aliyekuja alikuwa na lilelile. Habari zilishatoka hospitalini, kwenye faili, kwa wauguzi, kwa shemeji, mpaka mtaani: Fundi alijipaka krimu mwenyewe, mke hayupo.

"Wewe nawe una kichwa kigumu," alisema wifi yake Sista, dada mkubwa wa Fundi, akiwa amekaa na kikombe cha chai. "Umeoa muuguzi mzima, halafu unajifanya daktari. Si ungempigia simu?"

"Kweli, dada," Fundi alisema. "Nilijifanya mjuaji."

"Bila huyu mkeo sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

"Kweli."

Halafu wifi alimgeukia Sista akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumrudishia mdogo wake. Sista alikubali shukrani. Alizikubali siku hiyo, na kesho yake, na wiki iliyofuata kutoka kwa watu wa mtaa wa pili. Alikuwa anaingia jikoni na vikombe vichafu, anafungua bomba ili lipige kelele, anasimama tu. Kuna aibu ambayo mtu akisemwa inapungua. Yake ilikuwa inasifiwa.

Kazini alirudi, kwa sababu mtu lazima ale. Kalamu ilikuwa mfukoni, chumba kilikuwa kilekile, foleni ileile. Lakini neno lake alishindwa kulitamka. Mdudu hakumtaja tena. Akarudia bakteria, kama miaka ile ya mwanzo. Wagonjwa waliitikia kwa heshima. Wengine walirudi baada ya siku kumi na kidonda kibaya zaidi, dawa wameziacha katikati, na yeye aliwafunga bila kuwasema. Walianza kuulizana kwenye foleni kama Sista anaumwa.

Fundi alikuwa nyumbani. Mdogo wake alimletea magurudumu, akawa ananyoosha spoku akiwa amekaa kwenye kiti, gurudumu limening'inizwa mbele yake kwenye fremu ya mbao. Magongo alikuwa hajayaweza. Kigutu cha mguu kilikuwa bado kinauma, na sukari ilikuwa inampa kizunguzungu akisimama. Asubuhi na jioni Sista alimbeba bega moja mpaka chooni, akamngoja mlangoni, akamrudisha. Jioni hakuna aliyeuliza tena wadudu wameamkaje.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Jumapili moja jioni, mvua ikiwa imewafukuza wageni, Sista alikaa mbele yake kwenye kile kistuli. Alikuwa ameamua. Hakutaka kusamehewa, alitaka tu uongo uishe.

"Fundi, kuna kitu nataka kukuambia."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu ile krimu."

Fundi alilizungusha gurudumu, akalitazama likizunguka mpaka liliposimama lenyewe. "Yule daktari mfupi aliniuliza," alisema. "Wiki ya pili, wewe ulikwenda kuoga. Alisoma kwenye faili akaniuliza, ni kweli ulijipaka mwenyewe? Nikamwambia ndiyo."

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Ulikuwa unakumbuka simu?"

"Nakumbuka. Nilijua palepale hujanielewa, kwa sababu ulicheka. Ungenielewa usingecheka." Aliongea taratibu, kama anayeeleza baiskeli ilivyoharibika. "Nilitaka nikwambie, siyo huyo, ni yule wako. Halafu nikasikia mtoto analia hapo kwako, nikaona nisikupotezee muda."

"Basi kwa nini ulipaka?"

"Kwa sababu ulisema wewe."

Sista aliteremka kwenye kistuli akapiga magoti sakafuni. Alishika ule mguu mmoja, mzima, akauinamia. "Fundi, naomba uni..."

"Usiseme." Hakupandisha sauti. "Ukiniomba, itabidi nikujibu. Kila siku najitazama humu ndani kutafuta jibu la kukupa, na silioni. Ninaloliona siyo zuri. Nikilitoa, mimi nitakaa wapi? Siwezi hata kufika chooni bila wewe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini Sista. Angemtukana angejua pa kushika.

Fundi akalisogeza gurudumu pembeni, akanyoosha mkono kama kila siku saa hiyo, na Sista akainuka, akaingia chini ya kwapa lake, akamnyanyua.